Nafasi

Saiba ya Nyangweso pale Kondele ilipofungwa
nilinunua kompyuta namba nne, elfu sita,
na kibodi yake iliyong'oka herufi Q.
Sikulalamika. Lugha yetu haijawahi kuihitaji.
Nikaiweka Migosi, juu ya cherehani iliyostaafu,
kwa hesabu za mayai na kazi za shule za Amondi.

Ilikuja imeshiba.
Watu waliolipa shilingi kwa dakika walikuwa wameacha ndani
wasifu wao, ratiba za mazishi,
mkataba wa shamba la Ahero usio na sahihi,
picha za pasipoti, masikio yote mawili yakionekana.
Nilifuta siku tatu.
Kila mara iliniuliza: una uhakika?
Ninao, nikajibu, kwa haraka
ambayo hata padre, siku ya harusi, hakuipata kwangu.

Ikabaki moja.
*maombi ya nafasi*
Kilobaiti kumi na tisa, punje ya wimbi ghalani.
Nikaifuta. Mashine ikasema: faili hii haipo.
Haipo, na ninaiona!
Imekaa katikati ya skrini kama mgeni aliyekwisha kuagwa
akaomba kikombe kingine cha chai.

Nikazima, nikawasha.
Nikafunga programu zote, hata nisizozijua,
mpaka saa ya pembeni ikapotea.
Nikaingia katika ile hali wanayoiita salama:
herufi zimevimba, rangi zimekimbia, na mgeni yupo.
Kuihamisha: haipo.
Kuifungua: haipo.
Mvua ikagonga mabati, stima ikapotea, ikarudi.
Nikadhani hapo ndipo.
Yupo.

Wesonga fundi alikuwa Mumias kwenye harusi ya dada yake.
Nyuma yake isukuti inalia, naye anapaza sauti:
"Mama Amondi! Peleka kishale mwisho wa jina!
Kimesimama wapi?"

Kimesimama hatua moja baada ya herufi ya mwisho,
penye hewa.

"Basi! Jina lina nafasi mwishoni.
Wewe ukiita, mashine inaikata kama ukucha,
inatafuta hilo jina lililokatwa, haioni mtu.
Haikukatai, mama. Haijaitwa."
Ngoma ikammeza.

Nikakaa nikiiwaza ile nafasi.
Mtu alimaliza kuandika,
kidole gumba kikalalia kitufe kirefu,
labda akihesabu sarafu mfukoni,
labda Nyangweso amemwambia dakika zako zimekwisha.
Akaomba nafasi, akapata hiyo moja,
isiyo na mshahara wala kiti,
nayo ikamkinga miaka tisa.

Amri ilikuja kwa ujumbe, baada ya keki kukatwa.
Dirisha jeusi. Herufi moja, kisha moja:
mikwaju miwili iliyolala kinyume,
alama ya kuuliza, swali pekee katika amri nzima,
mkwaju tena, halafu njia yote tangu mlangoni,
folda kwa folda,
na jina ndani ya alama za kunukuu
ili hewa yake isimwagike.

Ningeweza kuibadilisha jina kwanza,
niifungue, nijue aliomba nini na kwa nani.
Wazo hilo lilifika
kidole kikiwa tayari kinashuka.

Dirisha jeusi haliulizi kama una uhakika.
Halipeleki kitu pipani.
Liliruka mstari mmoja likanyamaza,
kishale kikipepesa.

"Mama, umemaliza? Nina insha."
Bado kidogo, nikamwambia.
Nikafungua hesabu za leo.
Trei nne.
Mayai mawili yana ufa.